Postikadi za Jumba la Kifalme

Swali ndilo lililoleta balaa, na aliyeuliza wala hakuwa na nia mbaya.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi Februari, katika Nyumba ya Utamaduni ya Elsenau. Mwalimu Ottomar Krell alikuwa amemaliza kuzungumza juu ya Jumba la Tamthilia la Kifalme, historia yake yote tangu lilipofunguliwa, akiionyesha kwa postikadi za zamani alizozikusanya maisha yake yote. Mkewe Liddy alikaa nyuma ya mashine ya kurushia picha ukutani, akiingiza kadi na kuitoa, kadi na kuitoa, vidole vikiungua kwa joto la taa. Watu wa Elsenau waliuona ukutani ujana wao: farasi wa mfalme wamesimama mbele ya ngazi, taa za gesi, kisha taa za umeme, jumba likiungua moto, jumba likijengwa upya, zuri kuliko lile la kwanza, mabibi wenye kofia kubwa kama sinia. Kadi ya mwisho ilipigwa mwaka mmoja kabla ya ndege kuja kulitia mabomu. Taa za ukumbini zilipowashwa, wengi walikuwa wanatafuta leso.

Hapo ndipo mzee Alwin Naumann alipoinuka. Alwin alikuwa fundi wa jukwaani tangu utotoni mpaka jumba lilipopigwa mabomu, na sasa alikuwa mlinzi wa ghala la viazi.

"Mwalimu," alisema, kofia mkononi, "mimi nauliza tu. Paa limekwenda, sawa. Lakini kuta zipo, ngazi zipo, hata wale malaika wa mlangoni wapo. Sasa kwa nini wanataka kulilipua?"

Kila mtu alijua kwamba uamuzi umeshapita: magofu yale yataondolewa, na mahali pake patakuwa uwanja wa gwaride. Lilikuwa jambo la kujua, si la kuuliza.

Liddy alimtazama mumewe. Sema hujui, alimwomba moyoni. Sema muda umekwisha. Sema lolote, mume wangu, ila usiseme ukweli.

Ottomar alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hata mimi najiuliza, Bwana Naumann," alisema.

Mtu mmoja alipiga makofi. Kisha ukumbi mzima. Katika safu ya nyuma, Komredi Pohlig wa ofisi ya utamaduni hakupiga. Aliinuka taratibu, akavaa kofia yake, akaiweka sawa mbele ya kioo cha mlangoni, akatoka.

*

Jumatatu asubuhi Liddy alikutana ngazini na Bi. Heinicke wa chini, aliyetunza daftari la kuandikia kila mgeni wa jengo lao. Kwa kawaida Bi. Heinicke alimzuia mtu kwa maneno mpaka uji ukakauka jikoni. Siku hiyo alijibana ukutani ampishe, kana kwamba Liddy amebeba ndoo ya maji ya moto.

"Habari za asubuhi, Bi. Heinicke."

"Nzuri, nzuri. Nasikia mumeo aliongea vizuri sana jana." Akatazama juu, akatazama chini. "Vizuri kupita kiasi."

Kazini, katika kiwanda cha nguo, wanawake wawili waliokula naye mkate kila siku waliona kiti chake na kukumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine. Dukani, siagi ilikwisha alipofika mbele, halafu ikapatikana kwa aliyesimama nyuma yake. Hakuuliza. Alichukua majarini na kusema asante. Alishangaa jinsi ile asante ilivyotoka upesi, kama mtu anayeomba radhi.

Jumatano alikuwa peke yake nyumbani, anamenya viazi, waliposimama wanaume wawili mlangoni wakigonga kwa upole. Ule upole ndio uliomfanya aweke kisu chini kabla ya kufungua. Walikuwa vijana wa usalama, makoti yao mazuri, na hawakufuta viatu.

"Tumekuja kuona picha," alisema mmoja.

"Mume wangu yuko shuleni."

"Tunajua yuko wapi."

Walikaa mezani penye maganda ya viazi, wakafungua masanduku ya Ottomar, wakazipitia kadi moja moja. Walikuwa wakicheka. Yule wa pili alimwinua mfalme juu ya farasi, akamgeuzia Liddy.

"Huyu bado mnamsalimia asubuhi, mama?"

"Amekufa," Liddy alisema.

"Wengine hawajui kwamba amekufa. Hizi zenye stempu za kule ng'ambo, za Magharibi, nani huwaletea?"

"Wakusanyaji wenzake. Hubadilishana. Ni za zamani, kabla ya—" Kabla ya ukuta wa Berlin, alitaka kusema, lakini hata ukuta ule uliitwa kwa jina jingine siku hizo, na jina hilo lilimpotea ghafla kichwani.

"Kabla ya nini?"

"Kabla mume wangu hajaugua mgongo," alisema, na uwongo huo wa kijinga ukamchoma uso kwa aibu.

Wakaenda na sanduku moja. Hawakuandika popote kwamba wamelichukua. Mlangoni yule wa kwanza akageuka. "Binti yenu Roswitha, ameomba udaktari, siyo? Kazi nzuri. Nchi inahitaji madaktari wa kuaminika."

Liddy alirudi kumenya viazi. Alimenya vyote vilivyokuwa kapuni, vya wiki nzima, mpaka Roswitha aliporudi na kumkuta ameketi mbele ya beseni lililofurika.

"Mama! Hivi tunamlisha nani?"

*

Siku iliyofuata Ottomar aliitwa toka darasani, mbele ya wanafunzi. Alirudi jioni. Hakuwa amepigwa, wala hakuwa amefokewa. Walimwacha tu akae kwenye benchi koridoni mwa ofisi ya utamaduni, na kila aliyepita akamtazama. Aliomba kwenda msalani akaambiwa asubiri. Hilo alimwambia Liddy peke yake, jikoni, kwa sauti ya chini. Alikuwa amefunga koti kiunoni na Liddy hakuuliza kwa nini. Alichemsha maji, akampa suruali nyingine.

Walipokaa mezani wote watatu, ndipo Ottomar aliposema.

"Wanataka nizungumze tena. Ukumbi uleule, picha zilezile. Hotuba ameshaiandika Pohlig, hii hapa."

"Inasema nini?" Roswitha aliuliza.

"Kwamba jumba lile lilikuwa la mfalme na wanyonyaji. Kwamba wananchi hawakuwa na sehemu humo. Kwamba mimi nililala usingizi, sasa nimeamka, na naomba lilipuliwe."

"Basi soma." Roswitha aliweka kijiko chini. Alikuwa na miaka kumi na minane na kidevu cha baba yake. "Soma tu, baba. Ni maneno. Sisi shuleni tunasoma maneno kila siku."

"Ni uwongo, mwanangu."

"Na mimi je? Mimi ni uwongo? Nimesoma mpaka macho yameniuma. Mwalimu mkuu jana kaniita, kaniuliza kama nyumbani kwetu kuna utulivu. Utulivu! Unajua maana yake? Mawe yako yana thamani kuliko mimi?"

"Roswitha," Liddy alisema.

"Hapana, mama, aseme. Lile gofu njiwa wanalinyea. Aseme kama lina thamani kuliko mimi."

Ottomar aliisogeza sahani yake mbali.

"Nitasoma," alisema.

Liddy alishusha pumzi. Alijua angepaswa kuona uchungu, lakini alichoona ni nafuu, nafuu tupu, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Baadaye, akiosha vyombo, nafuu hiyo ikamgeuka. Alimsikia mumewe sebuleni akijaribu kuisoma ile karatasi ya Pohlig kwa sauti. Alifika sentensi ya pili, akakohoa, akaanza upya. Sentensi ya pili, akakohoa, akaanza upya.

*

Komredi Pohlig mwenyewe alikuja kuchagua picha. Alikuwa mtu mnene, mwenye mafua, aliyependa kuonekana mpole. Alikubali kahawa ya shayiri, akaisifu, akaacha kikombe kimejaa.

"Mimi si adui yako, Mwalimu," alisema. "Hata mimi mama yangu alinileta pale nikiwa mtoto. Tulikaa kule juu kabisa, darini, tunaona vipara tu. Lakini zama zimekwenda. Mtu akikataa kwenda na zama, zama zitamkanyaga. Mimi sitaki ukanyagwe."

"Nashukuru," alisema Ottomar.

Pohlig alipanga kadi mezani kama mcheza karata. Sebule ya mfalme yenye mapazia ya mahameli: ndiyo. Maofisa wenye panga ngazini: ndiyo. Farasi: ndiyo. Waimbaji, hapana. Watoto siku ya Krismasi, hapana kabisa.

Liddy alikuwa amesimama mlangoni na birika. Katika zile zilizosukumwa pembeni aliona moja anayoijua kuliko zote. Ilikuwa ya uani, nyuma ya jumba: mafundi wa jukwaani wenye nyundo na kamba, na mbele yao washonaji wa mavazi, wamekaa kwenye benchi. Wa tatu kutoka kushoto, mwenye pini mdomoni, alikuwa mama yake. Liddy mwenyewe alianza kazi katika chumba kile cha kushonea akiwa msichana.

Hakuwa na mpango wowote. Watu walimuuliza baadaye, na yeye hakuwa na jibu jingine: hakupenda tu kumwona mama yake amesukumwa pembeni na kidole cha mtu mwenye mafua. Aliweka birika chini, akasema:

"Na hao, Komredi? Hotuba inasema jasho la wafanyakazi. Watu wataliona wapi hilo jasho?"

Ottomar aliinua uso kwa hofu. Pohlig akaichukua kadi, akaivuta karibu na macho, akaigeuza. Akatabasamu.

"Umeona, Mwalimu? Mkeo amenielewa kuliko wewe." Akaiweka juu ya zile zilizokubaliwa. "Hii iwekwe mwisho."

*

Safari hii ukumbi ulijaa kwa amri. Viwanda vilileta watu wao, na katika safu ya mbele walikaa wageni wa ofisi ya mkoa, na pembeni wale vijana wawili wa makoti mazuri. Roswitha aliketi katikati, amefunga nywele vizuri. Hakuna aliyekaa kiti cha karibu naye.

Liddy aliwasha mashine. Mikono yake ilikuwa baridi mpaka akaiegemeza kwenye bati lenye moto bila kusikia.

Ottomar alisoma. Alisoma kama mtoto asomaye barua ya mtu mwingine, neno baada ya neno, bila kuinua macho. Mfalme, mahameli, panga, farasi. Wananchi waliofungiwa nje. Yeye mwenyewe, aliyepotoka kwa kupenda vumbi la zamani. Watu waliotokwa na machozi majuma mawili yaliyopita sasa walitazama viatu vyao, na Liddy aliona kwamba hawakumkasirikia mumewe. Walimwonea haya, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"...jumba lililojengwa kwa jasho la wafanyakazi," alisoma Ottomar, "ambao majina yao hakuna ayajuaye."

Liddy akaingiza kadi ya mwisho. Ule ua wa nyuma ukatokea ukutani, mkubwa, kila uso kama sahani.

Ottomar aliendelea kusoma. Lakini kule katikati ya giza kiti kililia, na sauti ya mzee Alwin ikasema, si kwa nguvu, kama mtu anayejisemea: "Ala! Si mimi yule mwenye kamba?"

Mtu akacheka kidogo. Kisha mwanamke mmoja: "Huyo mwenye masharubu ni babu. Babu Richard! Alikatika kidole jukwaani."

"Na wa pembeni ni Paula wa mtaa wa Wafinyanzi."

"Paula hakuwa mnene vile."

"Alikuwa! Kabla ya vita nani hakuwa mnene?"

Kicheko kikaenea. Watu walikuwa wamesimama sasa, wananyoosha vidole, vivuli vyao vikigusa ukuta, na majina yalitoka pande zote, ya mashangazi, ya baba, ya majirani waliokufa vitani na waliokufa kwa ajali ya winchi ya kuinulia mapazia. Ottomar aliacha kusoma. Karatasi ilining'inia mkononi mwake.

Pohlig aliruka. "Kimya! Wananchi, kimya! Kaeni!"

"Si wafanyakazi hao, Komredi?" iliuliza sauti kutoka nyuma, kwa adabu zote. "Tunawataja wafanyakazi."

Pohlig akapiga hatua kuelekea mashine. "Toa picha hiyo," alimwambia Liddy. "Toa sasa hivi."

Liddy aliogopa. Ni lazima isemwe, kwa sababu baadaye mjini walimfanya shujaa, na yeye hakupenda. Alimwona Roswitha, uso wake mweupe katika mwanga wa picha, akitikisa kichwa polepole: mama, usifanye. Mkono wa Liddy ulikuwa tayari juu ya kadi. Lakini midomo ilitangulia.

"Wa tatu," alisema, na sauti ikatoka nyembamba, ya kitoto. "Mwenye pini mdomoni. Anaitwa Selma Wuttke. Ni mama yangu."

Pohlig akang'oa waya ukutani. Giza likawafunika wote, na katika giza hilo hakuna aliyesogea, wala aliyepiga makofi. Walisimama tu. Liddy alisikia pumzi za watu wengi, na mahali fulani mbele, mumewe akilia.

*

Hawakukamatwa. Kila asubuhi walingoja, na kila asubuhi gari lilipita barabarani bila kusimama. Kumshtaki mtu kwa picha iliyochaguliwa na ofisi yenyewe ilikuwa kazi ngumu. Walipata njia rahisi. Ottomar aliachishwa ualimu kwa sababu ya mgongo, ule mgongo aliougua kwa mdomo wa mkewe. Na Roswitha akaambiwa kwamba nafasi za udaktari zimejaa, ila akifua shuka za hospitali kwa muda, na akionyesha mwenendo mzuri, huenda akafikiriwa.

Aliisikia habari hiyo amesimama jikoni, hata koti hajavua.

"Ulikuwa na haja gani ya kufungua mdomo?" alimwambia mama yake. "Baba alikuwa ameshasoma. Ilikuwa imekwisha! Bibi amekufa. Angekusamehe. Mimi niko hai, mama."

Liddy alinyoosha mkono, binti akaukwepa. Tangu siku hiyo Roswitha alikula kwanza, peke yake, akaondoka mapema, akarudi ananuka sabuni na klorini, mikono imepasuka. Liddy alimwekea kopo la mafuta ya mgando karibu na sahani. Roswitha hakuligusa. Bi. Heinicke aliacha kabisa kuitikia salamu. Ottomar alikaa karibu na jiko la makaa, kitabu mapajani, ukurasa haugeuki, na chakula alikirudisha kama kilivyopakuliwa. Nyumba ilikuwa na watu watatu na kila mmoja alitembea kwa ncha za vidole.

Mwishoni mwa Aprili likabandikwa tangazo la kulilipua jumba: mitaa ya karibu ifunge madirisha, watu wasikaribie.

"Mimi siwezi kwenda," Ottomar alisema.

"Nani kakwambia twende? Wataandika majina ya wote watakaokuwepo."

"Najua."

Siku ilipofika Liddy alifunga madirisha. Akapika supu ya viazi. Akakata kitunguu, akaweka chungu pembeni mwa jiko kisipoe. Halafu akavaa koti lake la kanisani na kwenda.

Alidhani atawakuta wachache. Walikuwa wamejaa mtaa wote nyuma ya kamba ya polisi, wazee wengi, na mzee Alwin kwenye kiti alicholetewa kutoka duka la mikate. Hakuna aliyeimba wala aliyebeba bango. Kijana mmoja, mmoja wa wale wawili, alipita mbele yao na kamera, akipiga picha uso baada ya uso. Kamera ilipomfikia Liddy alitamani kuinama, atafute kitu chini, afunge kamba ya kiatu. Mguu wake ulikuwa umeshakunjwa alipohisi mkono ukipita chini ya kwapa lake na kumshikilia.

Mkono ule ulikuwa mwekundu, umepasuka. Roswitha alikuwa na aproni yake ya dobi, maji bado yakimchuruzika.

"Simama wima, mama," alisema, akiitazama kamera. "Usije ukatoka vibaya."

Kengele ikalia. Mlio wa kwanza ulipita ardhini kabla ya kusikika. Nguzo za mbele zikapiga magoti. Ukuta wa nyuma ukabaki umesimama peke yake ndani ya vumbi, na watu wakaguna. Ilibidi waulipue mara ya pili, kisha tena. Kila mara polisi walipowaambia waondoke, walirudi nyuma hatua chache, wakasimama. Vumbi lilipotua, wanaume walikuwa wamevua kofia. Polisi aliyekuwa karibu yao, kijana wa pale pale mjini, aliwatazama, akaitazama kofia yake mwenyewe. Akaiacha kichwani, lakini aligeuza uso.

Walirudi nyumbani kimya, mama na binti, nywele nyeupe kwa chokaa kama vikongwe wawili. Ngazini Bi. Heinicke alichungulia kwa ufa wa mlango, akafunga.

Ottomar alikuwa palepale karibu na jiko. Mlio aliusikia; vikombe vilikuwa bado vimekaa upande kabatini.

"Limeanguka?"

"Limeanguka," Liddy alisema.

Ottomar akafunga kitabu. "Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Wangapi?"

Liddy alizifikiria nyuso zile, na kamera ile, na kesho, na kesho kutwa. Hofu ilikuwepo, ilikuwa haijaenda popote.

"Mtaa mzima," alisema. "Na huyu hapa."

Ottomar akamtazama binti yake, tangu nywele mpaka viatu. Roswitha alivuta kiti, akaketi kando yake, akafungua kopo la mafuta na kuanza kujipaka mikono. Liddy akapakua supu, mabakuli matatu. Ottomar alichukua kijiko. Alikula polepole, kisha upesi, mpaka akalikwangua bakuli, halafu akalisukuma mbele kwa mkewe.

"Niongezee," alisema.

Liddy akamwongezea.